Namba na Faharasa za Maamuzi ya Serikali: Silaha ya Umma Dhidi ya Umangimeza

UTANGULIZI

Makada wengi wakisikia maneno "madaraka ya umma" hufikiria mambo makubwa: njia kuu za uchumi, uchaguzi, Bunge, ulinzi wa Taifa. Ni sawa kufikiri hivyo. Lakini mkulima na mfanyakazi hawakutani na dola kwa njia hizo kila siku. Wao hukutana nayo kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, kwenye ofisi ya ardhi, mbele ya meza ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na katika ofisi ya mkuu wa shule. Hapo huambiwa kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Wakiuliza limeamuliwa na nani, lini, na kwa waraka gani, mara nyingi huonekana wakorofi.

Makala hii inaeleza jambo ambalo wengi hulidhania kuwa kazi ya makarani tu, nalo ni kuyapa maamuzi ya vyombo vya Serikali namba, na kuyatengenezea faharasa, ili mwananchi yeyote aweze kuyapata na kuyasoma. Tutaonyesha kwamba jambo hili ni la kisiasa. Linahusu nani anashika uamuzi uliotolewa kwa jina la umma: ni umma wenyewe, au ni mangimeza mwenye ufunguo wa kabati.

UAMUZI WA CHOMBO CHA SERIKALI NI NINI?

Kabla ya kwenda mbele ni lazima tutofautishe maamuzi ya aina tatu, maana kuyachanganya ni chanzo cha makosa mengi.

Aina ya kwanza ni kanuni, amri na sheria ndogo. Hizi hutungwa na Waziri, mamlaka au halmashauri kwa uwezo uliotolewa na sheria ya Bunge, nazo humhusu kila mtu. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali na hupewa namba ya Tangazo la Serikali. Kwa mfano, kanuni zinazoongoza usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi ni Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007.

Aina ya pili ni nyaraka na miongozo. Hizi hutolewa na Wizara kwa watendaji walio chini yake. Waraka si sheria ya Bunge, lakini kwa mwananchi wa kawaida nguvu yake ni kubwa, kwa sababu ndio ambao mtendaji anaufuata. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio ulioondoa ada katika shule za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua wajibu wa kila mhusika katika elimumsingi bila malipo.

Aina ya tatu ni maamuzi ya mashauri. Mtu amelalamika, amekata rufani au ameshtakiwa mbele ya chombo ambacho si mahakama ya kawaida, na chombo hicho kimetoa uamuzi. Hapa tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, Baraza la Rufani za Kodi, Baraza la Ushindani, Mamlaka ya Rufani za Zabuni, mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, na vyombo vingine vingi.

Aina ya kwanza ina namba ya umma tangu zamani. Aina ya pili ina namba, lakini nakala zake hazienei. Aina ya tatu ndiyo yenye upungufu mkubwa zaidi, nayo ndiyo inayogusa riziki ya mtu mmoja mmoja.

KAZI YA NAMBA

Namba ya uamuzi ina kazi nne.

Kwanza, huutambulisha uamuzi mmoja na kuutenga na mingine yote. Majina ya wadaawa hayatoshi. Kampuni moja inaweza kuwa na mashauri 30 na wafanyakazi mbalimbali, na jina lake likawa lile lile katika yote.

Pili, namba ya mfululizo hufichua pengo. Kama chombo kimetoa uamuzi Na. 14 na Na. 16 wa mwaka mmoja, basi yeyote anayesoma orodha atauliza Na. 15 uko wapi. Mahali pasipo na mfululizo, uamuzi unaweza kupotea bila mtu kujua kwamba uliwahi kuwapo. Kwa hiyo namba ni ulinzi dhidi ya uvivu, na pia ni ulinzi dhidi ya rushwa.

Tatu, namba huwawezesha watu walio mbali kuzungumzia kitu kimoja. Mfanyakazi wa Mwanza na mfanyakazi wa Mtwara wakitaja namba moja, wanajua wanataja uamuzi ule ule.

Nne, namba humlazimisha mtendaji kusimama juu ya jambo maalumu. Asemaye "ndivyo taratibu zinavyosema" hawezi kupingwa. Asemaye "ni Tangazo Na. fulani la mwaka fulani" anaweza kusomewa tangazo hilo hilo na kuulizwa ni kanuni gani ndani yake.

Hapa inafaa tusahihishe wazo moja lililoenea. Kila barua ya Serikali ina "Kumb. Na.", na baadhi ya watendaji huona hiyo inatosha. Haitoshi. Namba ya kumbukumbu ni namba ya jalada katika masjala. Imetengenezwa ili karani alijue kabati na jalada, na karatasi nyingi za aina tofauti hukaa chini ya namba hiyo moja. Mtu wa nje haimsaidii. Namba ya umma hutaja chombo, mwaka, na nafasi ya uamuzi katika mfululizo wa mwaka huo, na haibadiliki hata kama jalada likihamishiwa ofisi nyingine.

Nchi yetu ina mfano wake yenyewe wa kujivunia. Kuanzia 1967 Kitivo cha Sheria pale Mlimani, Dar es Salaam, kilianza kutayarisha mihtasari ya hukumu za Mahakama Kuu, iliyojulikana kwa kifupi kama HCD. Kila muhtasari ulipewa namba ya mfululizo ya mwaka wake. Hukumu ambazo zingebaki majaladani zikawa zinatajwa kwa mwaka na namba tu, na mpaka leo mawakili na mahakimu huzitaja hivyo. Kazi ile ilihitaji wasomi wachache, taipureta, mashine ya kurudufu, na uamuzi wa kisiasa kwamba hukumu ni mali ya watu wote.

KAZI YA FAHARASA

Namba peke yake ni sawa na nyumba zenye namba katika mtaa usio na jina. Anayejua namba atafika, lakini asiyeijua hana pa kuanzia. Faharasa ndiyo inayompeleka mtu kutoka kwenye tatizo lake hadi kwenye namba. Mwananchi hajui Tangazo Na. ngapi. Anachojua ni kwamba ameachishwa kazi bila kusikilizwa, au mpaka wa shamba lake umesogezwa. Faharasa nzuri humruhusu aanze na neno "kuachishwa kazi" au neno "mpaka", na kutoka hapo aoneshwe maamuzi yanayohusika.

Faharasa ina kazi nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni kuonyesha hali ya uamuzi. Je, bado unatumika? Umefutwa? Umebadilishwa na upi? Ulikatiwa rufani, na rufani ilisemaje?

Tutazame mfano. Kanuni za kufukuza na kuondoa wanafunzi shuleni zilitangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 295 la 2002, na miongoni mwa sababu zilizotajwa humo ni makosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa. Kwa miaka mingi wasichana waliopata ujauzito waliondolewa shuleni. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba watarudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukaelekeza kuwarejesha wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo hao. Sasa mfikirie mzazi wa kijijini anayempeleka binti yake shuleni. Kama mkuu wa shule hajauona Waraka, au anao lakini hapendi kuutaja, mzazi huyo ana nini mkononi? Kama ana namba, ana pa kusimama. Na kama kungekuwa na faharasa ambamo chini ya neno "ujauzito" Tangazo la 2002 na Waraka wa 2021 vimewekwa pamoja na uhusiano wao umeelezwa, basi mzazi, mwalimu na afisa elimu wangesoma ukurasa mmoja, na mabishano yangekwisha. Linalopotea hapo kwa kukosa karatasi ni mwaka mzima wa masomo ya mtoto.

MZIZI WA TATIZO

Hatuwezi kulielewa tatizo hili bila kutazama lilikotoka. Utawala wa kikoloni ulitawala kwa amri. Gazeti la Serikali la Waingereza lilikuwapo na matangazo yake yalikuwa na namba, lakini yalichapwa kwa Kiingereza, na walengwa wake walikuwa maofisa, mawakili na wafanyabiashara. Mwananchi alipaswa kutii, si kusoma. Masjala ilijengwa juu ya wazo kwamba karatasi ya Serikali ni siri mpaka mkubwa aseme vingine.

Baada ya Uhuru, wazo hilo halikufa lenyewe. TANU ililiona mapema. Katiba ya Muda ya 1965, na sheria iliyofuata mwaka 1966, zilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ili mwananchi aliyeonewa na mtendaji awe na pa kupeleka malalamiko. Mwongozo wa 1971 ulikemea dharau na uonevu wa viongozi. Mwaka 2001 kazi ya Tume ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hizo zote zilikuwa hatua sahihi. Lakini dawa ya malalamiko huja baada ya jeraha. Uamuzi ulio wazi, wenye namba na unaopatikana, huzuia jeraha lisitokee, kwa sababu mtendaji anajua kwamba anayemhudumia anaweza kusoma anachokisoma yeye.

Ni lazima pia tuulize swali la kitabaka: ni nani anayefaidika na maamuzi yasiyo na faharasa? Tuchukue migogoro ya kazi. Mwajiri mkubwa hufika mbele ya Tume mara nyingi. Ana wakili, na wakili ana kabati lenye tuzo za mashauri yaliyopita. Anajua waamuzi wamekuwa wakisema nini kuhusu wizi usiothibitishwa, au kuhusu mkataba wa muda uliokatizwa. Mfanyakazi hufika mara moja katika maisha yake. Ana siku 30 tu tangu kuachishwa kazi za kupeleka mgogoro wake. Akishindwa, ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu. Tuzo ikifika Mahakama Kuu, hukumu itakayotolewa huingia katika mfululizo wa mahakama. Tuzo isiyofika huko kwa kawaida hubaki jaladani, na wanaoijua ni wale waliokuwamo. Kwa hiyo elimu ya maamuzi yaliyopita, ambayo imelipiwa na kodi ya wote, inakuwa mali ya binafsi ya upande mmoja. Huo ni unyonyaji wa maarifa, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Hali ni hiyo hiyo kwenye vizuizi vya ushuru. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasamehe mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima mwenye magunia saba ya mahindi ya kilo 100 alikuwa chini ya kiwango hicho. Lakini msamaha usiojulikana kwa namba ni rahisi kunyimwa mtu kizuizini usiku.

TULIPOFIKIA, NA MAFUNZO YA WENGINE

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inamtaka mwenye taarifa amjibu mwombaji ndani ya siku 30. Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mahakama zetu zimeanza kuzipa hukumu namba zisizotegemea kitabu cha mchapishaji yeyote: mwaka, kisha TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba ya mfululizo, na hukumu hizo husomwa bure katika maktaba ya TanzLII. Mamlaka ya Rufani za Zabuni huzipa rufani zake namba za mfululizo kwa kila mwaka wa fedha na kuchapisha maamuzi yake.

Lakini tuiangalie kwa makini haki ya kuomba taarifa. Mwombaji hutakiwa kuieleza taarifa anayoitaka ili iweze kutambuliwa. Ataielezaje kama hajui kwamba ipo? Haki ya kuomba bila faharasa ni nusu ya haki.

Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua ya kuigwa. Huko hata maamuzi ya mabaraza yana alama zake: KETAT kwa baraza la rufani za kodi, na KEBPRT kwa baraza linaloshughulikia kodi za pango la majengo ya biashara. Mpangaji wa duka anaweza kutaja uamuzi wa baraza kama wakili anavyotaja hukumu ya Mahakama Kuu.

Sweden iliweka msingi wa nyaraka za umma kuwa wazi tangu 1766. Marekani ni nchi ya kibepari, nasi hatuitazami kama kielelezo cha jamii tunayoitaka. Hata hivyo sheria yake ya 1966, iliyoanza kutumika 4 Julai 1967, ina kifungu kinachostahili kujifunzwa. Vyombo vya serikali kuu yake vinatakiwa kuwa na faharasa za maamuzi yao. Tena, chombo hakiwezi kuutumia uamuzi au mwongozo wake dhidi ya mtu kama uamuzi huo haukuwekwa katika faharasa na kutolewa hadharani, isipokuwa mtu huyo awe ameujua mapema. Maana yake ni kwamba asiyetunza faharasa ndiye anayeadhibiwa, na adhabu haimwangukii raia asiyejua. Kifungu cha namna hiyo humfanya mtendaji aipende faharasa bila kuhubiriwa.

MISINGI YA MFUMO UNAOFAA

Kutokana na hayo, mfumo unaofaa unapaswa kuwa na misingi ifuatayo:

(i) Kila uamuzi upewe namba yake siku unapotolewa: chombo, mwaka, na namba ya mfululizo. Namba isitumike mara mbili wala isibadilishwe.

(ii) Aya za uamuzi ziwe na namba, ili mtu ataje aya bila kutegemea ukurasa wa nakala fulani.

(iii) Faharasa ipangwe kwa mada, kwa kifungu cha sheria, na kwa tarehe. Maneno ya mada yawe yale ambayo watu huyatumia: "kuachishwa kazi", "ushuru", "mirathi", "fidia".

(iv) Kila uamuzi uonyeshe hali yake: unatumika, umefutwa, umekatiwa rufani.

(v) Kila uamuzi uwe na muhtasari wa Kiswahili, hata kama mwenendo ulikuwa kwa Kiingereza.

(vi) Nakala zipatikane katika ofisi ya wilaya na katika maktaba, kwa karatasi na kwa kompyuta. Kuweka kila kitu kwenye kompyuta tu ni kuwaacha wengi nje.

(vii) Majina ya watoto, wagonjwa na waathirika yafichwe kwa herufi. Namba hubaki ile ile, na fundisho la uamuzi halipotei.

Wapo watakaosema kazi hii ni ghali. Kuandika namba katika daftari siku ya uamuzi ni kazi ya dakika moja. Kinachogharimu ni kutafuta uamuzi wa miaka kumi iliyopita katika majalada yasiyopangwa, na kulipa fidia kwa sababu ofisi moja iliamua kinyume cha ofisi nyingine bila kujua. Wengine watasema kuna siri za Serikali. Ndiyo, zipo, na sheria inazilinda. Lakini uamuzi unaomnyima mtu kazi, ardhi au shule hauwezi kuwa siri kwake, na sababu zake haziwezi kuwa siri kwa wenzake walio katika hali kama yake.

WAJIBU WA MAKADA

Kada asingoje sheria mpya. Kazi inaweza kuanza kijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini hiyo iko wapi miaka mitano baadaye, wakati mwekezaji anaonyesha karatasi na wazee wanasema hawakuikubali? Iko katika muhtasari wa mkutano, kama uliandikwa, kama una namba, na kama daftari halijaondoka na mwenyekiti aliyemaliza muda wake. Kijiji chenye daftari la maamuzi lililopigwa namba kurasa zake, lenye orodha ya mada mwanzoni, na linalosomwa mbele ya mkutano, ni vigumu kudhulumiwa.

Kadhalika viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wakusanye tuzo za wanachama wao, wazipange kwa mada, na kuwasomea wenzao. Wanafunzi wa sheria na wa utunzaji kumbukumbu wapelekwe kusaidia, kama wenzao wa 1967 walivyofanya. Na kada aliye mtendaji ajizoeze jambo moja: asimwambie mwananchi kwamba jambo limeamuliwa bila kumtajia namba ya uamuzi na mahali pa kuusoma.

Serikali ya wakulima na wafanyakazi haitambuliwi kwa jina lake. Hutambuliwa, pamoja na mengine, kwa urahisi ambao mkulima na mfanyakazi wanaweza kuusoma uamuzi uliotolewa kwa jina lao.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Eleza tofauti kati ya namba ya jalada la masjala na namba ya umma ya uamuzi. Kwa nini tofauti hiyo ni ya kisiasa?

2. Katika kijiji au mahali pako pa kazi, maamuzi ya mwaka uliopita yanatunzwa wapi, na nani anaweza kuyasoma?

3. Je, inafaa sheria yetu ikataze chombo cha Serikali kutumia dhidi ya mwananchi uamuzi ambao haukuwekwa katika faharasa? Toa hoja za pande zote mbili.